Kabla Hujafufua Bwawa la Zamani

Leo nasema hasa na ninyi mlioko Nduta na katika vijiji vyote vya Kibondo na Kasulu, ingawa msikilizaji wa Kakonko au Buhigwe naye asizime redio, maana mabonde yetu ni yale yale.

Huenda chini ya shamba lako, pale ardhi inapoanza kulowana, kuna shimo. Si shimo lililochimbwa na mvua. Lina pembe nne, na upande wa chini lina tuta ambalo sasa limeota miti. Ndani yake mna matete, tope jeusi na vyura. Ukimwuliza mzee wa jirani atakwambia, "Ah, hilo lilikuwa bwawa la samaki zamani." Akishasema hivyo ananyamaza, na wewe huulizi zaidi.

Siku hizi watu wameanza kuyatazama tena mashimo ya namna hii. Sababu mnaijua wenyewe. Kutoka Kigoma mjini hadi Kibondo ni zaidi ya kilomita 200, na dagaa na migebuka ya ziwani hufika huku baada ya safari ndefu. Tena mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Jambo lile lilikuwa la lazima, lakini mwenye kutegemea kitoweo cha ziwani peke yake alipata nafasi ya kufikiri. Ndipo mtu anapokumbuka lile shimo la babu, anachukua jembe na koleo, anawaita vijana wake, na kazi inaanza.

Hapo ndipo ninapotaka kumshika mkono kidogo. Ndugu mkulima, kabla hujafyeka hata tete moja, jiulize: bwawa hili lilikufa kwa nini? Maana bwawa halifi hivi hivi. Lina kilichoua. Na kama hicho kilichoua bado kipo, utachimba mwezi mzima, utatia vifaranga, na baada ya miaka miwili shimo litarudi kuwa la vyura. Kwa hiyo leo nitawaeleza habari za mabwawa haya tangu yalipoanza, maana ndani ya habari hizo ndimo utakamokuta maradhi ya bwawa lako.

Ufugaji wa perege katika mabwawa ulianza kujaribiwa nchini mwetu mwaka 1949, enzi za Tanganyika chini ya Waingereza, mahali pawili: Korogwe katika Tanga, na Malya katika Mwanza. Majirani nao walikuwa katika shughuli hiyo hiyo. Kenya ilikuwa na kituo cha Sagana tangu 1948, na Uganda ikafungua kituo cha Kajjansi mwaka 1953. Kongo ya Wabelgiji ndiyo iliyokwenda mbio kuliko wote, hata kufikia mwisho wa miaka ya 1950 ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000. Shabaha ilikuwa moja kila mahali: watu wa bara, walio mbali na maziwa makubwa na bahari, wapate nyama ya samaki mlangoni kwao.

Baada ya Uhuru kazi iliendelea. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Serikali ilianzisha kampeni ya nchi nzima ya kufuga samaki. Kwa mujibu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hadi mwaka 1968 Tanzania ilikuwa na mabwawa kama 8,000. Hesabu hiyo si ndogo, lakini mengi ya mabwawa hayo hayakutoa samaki wa maana. Matunzo hayakuwapo, maji yalikauka, mabwana samaki walikuwa wachache na barabara mbaya, na kampeni yenyewe ikafifia. Mimi naona kosa lilianzia kwenye hesabu. Mtu akipewa kazi ya kuhesabu mashimo, atachimbisha mashimo, na ukimwuliza kilo ngapi za samaki zilitoka humo atakuwa hana la kujibu.

Sasa tuje kwenye maradhi yenyewe. Ugonjwa uliofisha mioyo ya wazee wengi ulitoka kwa samaki mwenyewe. Perege huzaa upesi mno. Akiwa na miezi kama mitatu tu huanza kutaga, na huendelea hivyo kila majuma machache maji yakiwa na joto. Ukitia samaki mia moja, madume kwa majike, baada ya miezi sita utakuta maelfu. Chakula ni kile kile, hewa ya majini ni ile ile, midomo imekuwa maelfu. Basi wote wanadumaa. Siku ya kuvua mkulima alitoa ndoo ya visamaki vya ukubwa wa kidole, vimejaa miiba, na tena baadhi vina mayai tumboni! Akasema mbegu hii ni mbovu, au bwana samaki amenidanganya, akaliacha bwawa. Ukisikia mzee anasema "samaki wale hawakukua," ujue hiyo ndiyo hadithi yake. Mbegu haikuwa mbovu hata kidogo. Waliongezeka wakakosa nafasi, kama mahindi yaliyopandwa punje kumi katika shimo moja.

Kuna na habari ya nguvukazi, na hii inatuhusu sisi watu wa Buha kuliko wengine. Mnajua kwamba enzi za ukoloni wilaya zetu zilikuwa ghala la vibarua. Wanaume walichukuliwa na wakala wa mkonge, SILABU, wakapelekwa Tanga kuwa manamba. Na Korogwe, pale bwawa la majaribio lilipochimbwa, ni katikati kabisa ya mashamba ya mkonge! Lakini bwawa si kama mti wa mbuni unaoweza kuuacha miezi mitatu ukaurudia. Bwawa ni kama mbuzi aliyefungwa kamba: leo anataka kula na kesho anataka kula. Nyumba ambayo wanaume wake wako mbali mwaka mzima, na mama ana mihogo, maharage, maji na watoto, nani atakwenda bondeni kila asubuhi na debe la pumba? Nasema hivi kwa sababu hata leo vijana wetu wanatoka. Kama mtunzaji wa bwawa lako ni kijana ambaye moyo wake uko Kigoma au Dar es Salaam, usilifufue kwa kumtegemea yeye.

Kisha zikaja Operesheni. Hapa nitakaa kidogo, maana kwa mabonde yetu hili ni jambo kubwa.

Zamani Waha hawakuishi kwa mistari kando ya barabara. Kila mji ulikuwa peke yake mlimani, umezungukwa na migomba yake, na bonde lake chini. Mwenye bwawa alikuwa na bwawa hilo chini ya migomba, anaweza kuliona akiwa amesimama uani. Mwaka 1972 ikaanza Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni lazima kwa nchi nzima, na kazi iwe imekwisha kufikia mwisho wa 1976. Wapo wanaosifu shule na zahanati zilizokuja kwa njia hiyo, na wapo ambao hadi leo wakitaja migomba waliyoiacha sauti inabadilika. Mimi si hakimu wao, nazungumzia bwawa tu. Bwawa lililokuwa hatua chache kutoka mlangoni likawa mwendo mrefu kutoka kijijini. Fisi maji haukuhamishwa, yeye alibaki. Mnandi naye alibaki. Na miaka ile ile ya 1973 na 1974 mvua zikawa haba na njaa ikaingia nchini. Mtu mwenye nyumba mpya ya kujenga na shamba jipya la kufyeka hakuwa na habari na samaki.

Basi, ndugu mkulima, Operesheni inakuachia maswali mawili ambayo huna budi kuyajibu. La kwanza ni la umbali. Je, unalala wapi, na bwawa liko wapi? Kama ni mbali, nani atalilinda usiku? La pili ni zito zaidi: bwawa hilo ni la nani? Babu yako alilichimba, akahamishwa. Huenda kijiji kilimpa mtu mwingine bonde lile, naye amelima humo magimbi na mboga kwa miaka arobaini. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 mambo ya namna hii yako mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Nenda kule kwanza, na mzee wako awepo, na yule anayelima humo awepo. Usianze na jembe ukamalizia kwenye baraza. Nimeona bonde zuri likilala bure kwa sababu ya watu wawili waliokataa kusalimiana.

Wale wenye umri watakumbuka pia vikundi vya kusikiliza redio. Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya, ikafundisha juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai, ikafundisha vyakula vya kujenga mwili. Ukiziweka kampeni hizo pamoja utaona bwawa lina sura mbili. Bwawa lenye samaki, lenye kingo zilizofyekwa na maji ya kina, ni chakula. Bwawa lililoachwa, lenye nyasi hadi katikati na maji ya magotini, ni nyumba ya mbu na ya konokono wa kichocho. Kwa hiyo hata kama hutaki kufuga, shimo lile usiliache hivi hivi. Lifukie, lipande mboga.

Nimesema majirani nao walichimba. Kongo, baada ya uhuru wa 1960, ghasia ziliwaondoa wataalamu na mabwawa kwa maelfu yakarudi porini. Rwanda nayo ilikuwa na mabwawa ya enzi za Wabelgiji yaliyoachwa. Lakini Rwanda ilifanya jambo la kutufundisha. Kuanzia 1983, kwa msaada wa Marekani, ilianza kuyafufua kutoka kituo cha Kigembe, kusini mwa nchi, karibu na mpaka wa Burundi. Hawakuchimba mapya kwanza. Walikwenda kwa wakulima wenye mabwawa ya zamani, wakawafundisha kuweka mboji pembeni mwa maji, kutia idadi inayofaa, na kuvua kwa kukausha bwawa lote ili wasibaki wale wazazi wadumavu. Waligundua pia kwamba milimani samaki hukua polepole kuliko nchi za joto.

Hilo la baridi tulishike. Ziwa Tanganyika liko mita 773 kutoka usawa wa bahari, lakini sisi huku juu tuko mita 1,200 na kuendelea. Perege anapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Mnajua asubuhi za Juni na Julai zilivyo hapa kwetu. Samaki anayefikia kuvuliwa kwa miezi sita pwani, huku usimtazamie kabla ya miezi minane au kumi. Mtu aliyekwambia miezi sita hakudanganya, ila hakuwa anasema habari za Kibondo.

Kenya wao walijaribu tena karibuni. Mwaka 2009 Serikali yao ilianza kuwachimbia wananchi mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa mita za mraba 300. Vifaranga bure na chakula cha kuanzia bure. Msaada ulipokwisha mabwawa mengi yakakauka. Ni 1967 yetu sisi, imerudi kwa nguo mpya.

Haya, sasa twende bondeni kwako tukalisome bwawa. Nenda mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kimeiva. Ukikuta chemchemi au mfereji wake bado unatoa maji mwezi huo, shukuru, kwa kuwa maji yapo. Ukikuta pakavu, mwulize mzee kama wakati wake maji yalikuwapo. Kama yalikuwapo na sasa hayapo, tazama mlima wa juu: miti imekwisha, na udongo wake ndio hilo tope lililojaa bwawani. Kwa wenzetu wa jirani na Nduta jambo hili linajulikana. Kambi ilikuwapo miaka ya 1990, ikafunguliwa tena Oktoba 2015 kwa ndugu zetu wa Burundi waliokimbia, na watu wengi wakikusanyika mahali pamoja hutaka kuni za kupikia. Hilo si lawama kwa mtu. Lakini mlima ukiwa mtupu, kufukua bwawa ni kutwanga maji kwenye kinu. Mvua moja ya Novemba italijaza tena. Panda miti na nyasi kule juu kwanza, hata kama ni misimu miwili ya kungoja.

Kisha tazama tuta. Miti iliyoota juu yake ndiyo adui. Mizizi hupenya tutani, na ukikata mti tu, mizizi huoza na kuacha mirija ya kupitisha maji. Kwa hiyo ng'oa na mizizi, ukate tuta pale lilipotoboka, ujaze upya udongo wa mfinyanzi tabaka kwa tabaka ukishindilia. Udongo wa kichuguu unafaa sana kwa kazi hii. Kuujaribu, chukua konzi ya udongo uliolowa kidogo, ufinyange mpira, urushe juu uudake. Ukivunjika mkononi, mchanga umezidi.

Tope jeusi usilitupe. Hiyo ni mbolea ya miaka mingi, lipeleke kwenye bustani na migomba. Lilipoondoka, acha sakafu ikauke hadi ipasuke, ili mayai ya wadudu na visamaki vya porini vife. Udongo wetu wa nchi ya mvua nyingi una tindikali, kwa hiyo nyunyiza chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100. Kina kiwe kama sentimita 80 upande wa juu na mita moja na robo upande wa bomba. Jaza maji, chomeka kijiti chenye alama, ungoje juma zima kabla ya kununua samaki. Maji yakishuka zaidi ya sentimita mbili kwa siku, tuta bado linavuja.

Maji hayo nayo yana wenyewe walio chini yako. Kuchepusha mto au kijito kunataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, kwa Sheria ya mwaka 2009. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Wakati babu yako anachimba, sheria hizo hazikuwapo. Bwawa lake linaweza kuwa limo ndani ya mita hizo, kwa hiyo mwite afisa uvuvi aje alione kabla hujatumia nguvu zako. Ukiambiwa hapana, ni afadhali uambiwe sasa.

Afisa huyo huyo mwulize utie samaki gani na utawapata wapi. Usichukue vifaranga kwa mtu wa njiani tu. Maji yetu mengi huishia Malagarasi, na mto ule una perege wake wa asili wasiopatikana mahali pengine duniani. Sato wa kigeni akitoroka huzaana nao, na mbegu ya asili hupotea. Weka wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kuingizia na la kutolea maji. Wavu huo utazuia na samaki wa porini wasiingie kwako.

Idadi isizidi samaki wawili kwa kila mita ya mraba. Kama unaweza kupata vifaranga vya madume matupu, ule ugonjwa wa kudumaa umeukata mzizi. Kama huwezi, vua visamaki vidogo mara kwa mara kwa mboga ya nyumbani, au tia kambale wachache baada ya perege kukua, wale watoto wanaozaliwa. Tengeneza ua wa fito kwenye pembe moja ya bwawa, ujaze samadi na majani, maji yapate rangi ya kijani. Zamisha mkono: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, mbolea imetosha. Juu ya hiyo wape pumba, mchwa, na majani laini ya magimbi.

Limebaki jambo moja, na vitabu vingi hulipita. Mmarekani mmoja aitwaye Mike Tidwell alifundisha ufugaji wa samaki huko Kalambayi, Zaire, kati ya 1985 na 1987. Ameandika jinsi alivyofadhaika siku za kuvua, akiona mkulima aliyehangaika kwa miezi anagawa samaki kwa kila ndugu aliyefika ukingoni, hata akabaki na kidogo tu. Baadaye alielewa kwamba kugawa kule ndiko kulikowashika watu wale pamoja. Kwetu ni vivyo hivyo. Bwawa likikaushwa, habari hutangulia, na huwezi kumfukuza shangazi. Basi usijifanye huyajui hayo. Pima fungu la jamaa kabla ya siku yenyewe, na fungu la kuuza, na la mboga. Na usiku ule kabla hujafungua bomba, panga ndoo zako za maji safi kivulini, ili vifaranga vya kurudishia vitengwe humo alfajiri, kabla mgeni wa kwanza hajafika.